Mpishi wa Ukurasa wa Tisa

Mapera,
12 Mei 2024

Mdogo wangu Albina,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye baridi, na umgawie shemeji Adrian za kwake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukifika katikati utasahau. Sisi ni wazima. Goti la mzee wangu Mansuetus linamsumbua akipanda kwenda kulima mashimo ya ngoro, ila akishuka kwenda kilabuni halimsumbui, nimelichunguza. Kahawa ya upande wa chini imeanza kuwa nyekundu. Ng'ombe amezaa ndama jike, nami ndiye niliyemzalisha kwa mikono yangu, bwana mifugo alifika kunawa tu.

Simu ninayo na salio lipo, usidhani nimefulia. Naandika kwa sababu mara mbili za mwisho tulipoongea ulinikatia ukasingizia mtandao. Mtandao wa Ngumbo una akili sana, unajua kukatika pale pale ninapoanza kusema la maana. Barua haikatiki. Ataileta Swalehe, yule mwenye duka la vyombo Mbinga mjini, anayeshuka huko na fuso kununua usipa, hao dagaa wenu wa ziwani.

Sasa keti. Umeketi? Devotha wangu ameandika kitabu.

Sisemi daftari, nasema kitabu, chenye mgongo, na jina lake limechapwa mbele kwa herufi ambazo hata Mansuetus anazisoma bila miwani. Amekituma kutoka Morogoro kule chuoni anakofundisha, kina sahihi yake ndani. Kinaitwa Mkono Ulionilisha. Albina, mkono wenyewe ndio huu unaokuandikia, utazame vizuri mwandiko. Nimekivika jalada la kalenda ya jimbo ya mwaka jana, Mtakatifu Yosefu amekaa kwa nje, halafu nikaweka nailoni juu yake. Kusoma bado sijaanza. Kitabu kipya hakifunguliwi ovyo, kinapoteza umbo.

Tena hilo ni dogo. Mwezi wa tisa, tarehe kumi na nne, kuna Tamasha la Vitabu na Vyakula pale Mbamba Bay, waandishi wa kusini wote wanakutana. Na utaratibu wao ni kwamba kila mwandishi anakuja na mpishi wake, yaani yule aliyempikia kile chakula alichokiandika. Mpishi anapika mbele za watu, mwandishi anasoma, watu wanakula. Sasa niambie, nani mwingine? Nitapika kande, hizi kande zangu ambazo paroko wa zamani alizikumbuka mpaka anahamishwa. Nimeshawaambia jumuiya yote, na kwaya, na wale wa foleni ya mashine ya kusaga.

Kwako naomba kitanda cha siku moja na maji ya moto ya kuoga, maana nitakuwa mgeni rasmi, au karibu na hapo.

Dada yako mkubwa, mama wa mwandishi,
Tadea


Ngumbo,
6 Juni 2024

Dada Tadea,

Shikamoo. Adrian naye anakuamkia, na salamu zake nilimpa kwanza kama ulivyoagiza.

Barua yako imefika jana ikinuka usipa, ingawa ilikuwa inakuja huku, haitoki huku. Swalehe anasema aliiweka chini ya kiti cha fuso, akaisahau, ikaenda naye Songea mara mbili na kurudi. Kwa hiyo imetembea kuliko mimi. Sisi hatujambo. Muhogo tumeshang'oa na kuloweka, robo wamekula nyani, na upepo wa mwezi huu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Poleni na goti. Hongereni kwa ndama.

Hongera na kwa kitabu. Mimi ninacho tangu Pasaka. Devotha alikileta mwenyewe, akakaa siku nne. Nilidhani alipitia kwako.

Kande zako ni nzuri, dada, hilo nani atabisha. Ila umesema hujakifungua. Kifungue ukurasa wa tisa.

Na jambo moja dogo. Siku zile nne aliniambia kuna barua ya mwaliko wa hilo tamasha, yenye jina langu. Kwa kuwa huku hatuna sanduku la posta, wenye tamasha wangeituma kwenye sanduku la parokia ya huko kwenu, wewe unipe. Labda bado iko njiani. Ikifika mpe Swalehe, lakini asiiweke chini ya kiti.

Kitanda kipo. Maji ya moto yapo, kuni ni za kwetu.

Mdogo wako,
Albina


Mapera,
7 Julai 2024

Mdogo wangu Albina,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunachuma kahawa mpaka kucha zimekuwa nyeusi, na ndama nimempa jina Profesa.

Kumbe Pasaka alikuwa huko. Mimi aliniambia kazi za chuo zimembana. Sawa, zilimbana, zikambania kwako. Simlaumu, ziwa lina hewa nzuri.

Kuhusu hiyo barua ya mwaliko unayoiulizia, posta ya siku hizi unaijua mwenyewe. Tuendelee.

Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mavuno hapa parokiani. Wenzangu walipanga mstari kwenda altareni na madebe ya mahindi, mikungu ya ndizi, kuku. Edina jirani yangu, yule ambaye mwanawe anafanya kazi benki na sisi hatupumziki, yeye kaleta mbuzi. Mbuzi mzima, kamfunga na utepe! Nikasema leo ndiyo leo. Nikaweka kitabu juu ya ungo, nikakifunika kitambaa cheupe, nikaenda nacho hatua kwa hatua kama bibi harusi. Malimbuko ya tumbo langu. Padri alikipokea akakiinua juu, kanisa zima likaona. Mbuzi wa Edina alilia mee, hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Kosa langu ni kwamba utukufu ulinipanda kichwani nikasahau kuwa vitu vya mavuno, misa ikiisha, hupigwa mnada pale nje. Nakiona kitabu changu kimekaa kwenye meza kati ya jogoo na viazi! Ni nakala yangu ya pekee, Albina, na sahihi yake imo! Nikaanza kupandisha bei mwenyewe. Mwalimu Elias, yule mstaafu, akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha. Katekista akanigeukia mbele za watu, "Mama Devotha, kitu umeshamtolea Mungu, unamnyang'anya tena?" Watu wakaangua kicheko. Nikashusha mkono. Elias akaondoka nacho kwapani, Mtakatifu Yosefu akinitazama.

Hayo yangeishia hapo ningeshukuru. Jumatano tuko chama cha ushirika, tumekaa kwenye benchi tunasubiri kahawa ipimwe, Mwalimu Elias si akakitoa! Akafungua ukurasa wa tisa, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani. "Mama aliparua mbasa kando ya maji, magamba yakimrukia usoni, wala hakuyafuta. Alisema akiyafuta samaki ataona anadharauliwa." Akaendelea na ugali wa muhogo, na usipa ulioanikwa mchangani, na maembe mabichi kwenye mchuzi. Kurasa tano nzima, mama anapika, na hakuna hata punje moja ya kande.

Edina akasema, "Tadea, mbasa ulimparua lini wewe? Si huwa unamkimbia hata dagaa akikutolea macho?"

Nikamjibu, "Edina, hiyo ni fasihi. Kwenye fasihi mahindi yanaweza kuitwa samaki. Wewe mwanao anahesabu noti, huwezi kuelewa."

Mwalimu Elias alishikwa na kikohozi kirefu sana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mambo yamebadilika kidogo. Watu wa tamasha watataka kile kile kilichoandikwa. Nitumie unga wa muhogo, na mbasa wawili wa kufanyia mazoezi, uwakaushe wasiharibike njiani. Niandikie na namna ya kupika. Nataka mapishi tu, maneno mengine yabaki huko huko.

Dada yako,
Tadea


Ngumbo,
4 Agosti 2024

Dada Tadea,

Shikamoo. Poleni na kahawa, mpe pole na Profesa kwa jina. Sisi ni wazima. Adrian ameezeka upya jiko, sasa mvua ikinyesha itabidi nitafute sababu nyingine ya kulalamika.

Unga ni huo kwenye mfuko wa kijani. Mbasa ni wawili, Swalehe nimemhesabia mbele ya mkewe Rukia ili wafike wawili.

Mapishi haya hapa. Mbasa mbichi: mparue, mpasue mgongoni, mtie chumvi, mwache apumzike. Kitunguu, nyanya, embe bichi lililokatwa vipande. Akishaingia kwenye mchuzi usimgeuzegeuze, huyo si kande. Hawa wakavu waloweke kwanza. Ugali wa muhogo: usianze na uji. Narudia, dada, usianze na uji kama wa mahindi. Maji yachemke, mimina unga wote kwa mara moja, epua, ndipo usonge kwa nguvu zako zote. Ukianza na uji utapata gundi ya kubandikia bahasha.

Ulisema maneno mengine yabaki huku. Yamebaki huku miaka ishirini na minne, nyumba imejaa.

Devotha ulimleta mwenyewe, ana miaka mitano, hakuna aliyekuomba. Ulisema, "Kaa naye huyu, mwanamke akilala na mtoto wa ndugu yake njia yake ya uzazi hufunguka." Ndivyo walivyofanya bibi zetu, nami nilikushukuru kwa magoti. Njia haikufunguka. Lakini nyumba ilifunguka. Miaka mitano. Halafu akawa wa kwanza mtihani wa darasa la nne, jina lake likasikika mpaka Mbinga, na wewe ukashuka wiki hiyo hiyo. Ulisema, "Nilikuazima tu." Nilikunja nguo zake. Huku bado wapo wanaoniita Mama Devotha. Wewe uko huko juu, huwasikii.

Barua ya mwaliko haijafika? Ningeweza kumpigia Devotha nikamuuliza. Simpigii. Nataka uniambie wewe.

Mdogo wako,
Albina


Mapera,
1 Septemba 2024

Albina,

Marahaba. Sisi hatujambo.

Barua yako nimeisoma. Nitaijibu baadaye, sasa nina wageni.

Mgeni mwenyewe ni Ndugu Florian, mratibu wa tamasha. Alikuja na gari, kijana wa kamera, na chupa ya maji ambayo hakuiachia hata wakati wa kusalimiana. Walipotea wakaenda kutokea Maguu, wakarudi wamechanganyikiwa. Anataka picha za "mama wa kijijini aliyemlisha mwandishi." Mimi nimevaa gauni langu la sikukuu, la kola, na viatu. Ananitazama juu mpaka chini, "Mama, huna kanga ya kawaida?"

Nikamwambia, "Hii ndiyo ya kawaida, ya sherehe hujaiona."

"Na viatu, mama, tungevitoa kidogo. Ili tupate uhalisia."

"Mwanangu, kuna baridi. Uhalisia ni kwamba miguu inaganda."

Akauliza kinu kiko wapi, anipige picha natwanga. Nikamwambia hapa tunasaga mashine tangu yeye hajazaliwa. Akasikitika kweli kweli, kama mtu aliyefiwa. Mwishowe alikwenda kuazima kinu kwa Edina, na Edina amekitumia kufugia kuku wanaotaga, basi nikapigwa picha natwanga mayai. Mansuetus alicheka mpaka goti likapona.

Jina aliniuliza, nikamjibu. Alikuwa na orodha yake.

Mazoezi ya ugali nimefanya. Nimesonga ugali miaka arobaini, sifundishwi kusonga. Nilianza kwa uji kama mtu yeyote mwenye akili timamu, kwa sababu ugali usio na uji ni unga uliolowa. Mansuetus alikula tonge moja, akaacha kutafuna, nikadhani anautafakari. Kumbe meno yameshikana. Alipoweza kuongea alisema, "Tadea, kwa nini usimwache Albina apike?" Nikamwambia akalale.

Unga wako labda ulikuwa na kasoro. Nitumie mwingine, na siku ya tamasha nahitaji mbasa wabichi.

Tadea


Ngumbo,
9 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Unga hauna kasoro.

Mbasa mbichi hawezi kumsubiri Swalehe. Nitawaleta mwenyewe asubuhi ya siku hiyo kwenye ndoo, na unga. Nitakukabidhi pale mlangoni nirudi zangu, maana ndani sikualikwa.

Albina


Mapera,
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Albina,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi ni wazima. Kahawa tumemaliza kuchuma. Profesa ameachishwa kunyonya na amepiga kelele siku tatu, mtaa mzima unamjua.

Najua ulikuwepo tamashani. Lakini ulikuwa nyuma ya kamba, na kutoka nyuma ya kamba mambo hayaonekani yote. Kwa hiyo nakusimulia, na safari hii nasimulia yangu kwanza halafu ya wengine.

Barua yako ya mwaliko ilifika tarehe ishirini na tisa Aprili, kabla hata sijakuandikia ile ya kwanza. Katekista aliniletea mkononi. Niliifungua. Imeandikwa "Bi. Albina, aliyemlea mwandishi," na maneno mazuri chini yake. Nikaiweka ndani ya sanduku la nguo, nikaweka kanga juu, nikaweka blanketi juu ya kanga, na bado nilikuwa naiona. Na yule Florian alipouliza, "Wewe ndiye Bi. Albina?" nilisema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayemeza kidonge.

Asubuhi ile uliponikabidhi ndoo pale mlangoni, wewe uliniambia, "Maji yamebadilishwa, wako safi." Nami nikasema asante. Ningeweza kusema wakati ule. Kitambulisho nilikuwa nimeshakivaa shingoni, ndiyo maana nilijibana kifua na mtandio, si baridi. Mbamba Bay hakuna baridi.

Basi. Mgeni rasmi alihutubia saa moja na nusu juu ya umuhimu wa kusoma. Alisema yeye binafsi hupenda sana vitabu, ila muda. Alikishika kitabu cha Devotha juu chini akasema ametamani sana kukimaliza. Watu wa vyakula walikuwa wengi, meza za vitabu zilikuwa na nzi tu, na wale nzi walikuwa wamepotea njia. Waandishi walikaa mstari mmoja wakijipepea na vitabu vyao. Mmoja alisimama akasema mashairi yake hayahitaji chakula, halafu akapanga foleni ya pili.

Devotha akaja. Ameng'aa, Albina, hata wewe uliona, lile gauni la kitenge. Akanijia akicheka, akafika karibu, akasoma kitambulisho changu. ALBINA. MPISHI. Akakisoma tena. Akasema, "Shikamoo mama," polepole, akapiga goti kama nilivyomfundisha, au kama ulivyomfundisha wewe, sijui tena. Akaenda kukaa kwenye kiti chake. Hakuuliza kitu. Nimemsifia adabu yake kila mahali miaka yote hii, na siku hiyo ilinichapa.

Akasoma ukurasa wa tisa nami nikiparua. Magamba yakanirukia, nikayafuta. Akasoma mbele. Sasa hapa ndipo wewe hukusikia, kwa sababu jenereta ilikuwa upande wako. Alisoma ukurasa wa kumi na nne, na Mwalimu Elias hakuwahi kufika huko pale kwenye benchi, au alifika akanihurumia. Nimeunakili hapa kutoka kitabuni. "Siku moja alikuja mwanamke mwenye viatu vyekundu. Mama akaniambia, mwamkie mama yako. Nikamwamkia, kisha nikajificha nyuma ya gunia la muhogo. Nilikuwa nasikia viatu vyake vikitembea uani, vikikanyaga usipa wetu tulioanika."

Albina, mimi nilivinunua vile viatu kwa ajili ya siku ile. Nilitaka aone mama yake ni mtu. Sikujua kwamba nakanyaga usipa. Ule usipa ulikuwa mdogo mno, na mimi nilikuwa natazama mlango.

Wakati huo maji yalikuwa yanachemka nami nimeshaanza uji. Ndiyo, uji. Mkono wenyewe ulianza. Ukawa gundi, mwiko ukasimama wima katikati ya sufuria kama mlingoti wa bendera. Mshereheshaji akadhani ndivyo inavyotakiwa, akapaza sauti, "Bi. Albina anatuonyesha ugali wa asili kabisa!" Kamera zote zikainama kwenye sufuria. Wazungu wawili wakapiga makofi. Ukicheka nakusamehe.

Nilitazama kwenye kamba nikakuona. Ulisema unarudi zako na ulikuwa hujarudi. Ulikuwa umeshika kichwa kwa mikono miwili, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya unga.

Hayo mengine uliyaona mwenyewe. Nilikuja, nikavua kitambulisho, nikakuvika. Lakini sijui kama ulisikia nilichosema, maana ulikuwa umeshaondoka kuelekea sufuria kama mtu anayekimbilia nyumba inayoungua. Nilisema kwa sauti, mshereheshaji yuko nyuma yangu na kipaza sauti chake, "Albina ni huyu. Mimi nilimzaa, huyu ndiye aliyemlisha." Halafu Devotha akainuka akaja kukushikia sufuria. Uliposonga kwa ile nguvu, mikono yenu minne kwenye moto, nikaona mnajua pa kushika bila kuambiana. Mimi na yeye tukipika pamoja huwa tunagongana.

Sasa kucheka kwenyewe ni hapa. Chakula kilipoiva nikaenda foleni. Kijana mwenye fulana ya tamasha akanizuia, "Mama, kitambulisho?" Nikamwambia mimi ni mama wa mwandishi. Akasema, "Mama wa mwandishi ni yule pale anayepakua." Nikamwambia nina historia ndefu. Akasema, "Wasio na vitambulisho nyuma ya kamba, mama yangu." Basi mimi, Tadea, niliyetangaza tamasha hili mpaka kwenye foleni ya mashine, nilikaa nyuma ya kamba nikala maandazi aliyobeba Swalehe. Yeye anasema mbasa alikuwa mtamu mno, alipewa sahani mbili. Vitabu viliuzwa vinne. Vitatu nilinunua mimi. Cha nne alinunua Swalehe akidhani ni cha mapishi, Rukia anamdai akirudishe.

Nimekisoma chote. Nimemaliza juzi. Mimi nimo kwenye kurasa mbili na nusu, na viatu vimo zaidi yangu.

Edina aliniuliza tamasha lilikuwaje. Nikamwambia lilifana, mdogo wangu ndiye alikuwa mpishi mkuu, kwetu vipaji vimegawanywa. Akarudi kwenye kinu chake.

Albina, nina ombi, na hili si la unga. Ile miaka mitano sina. Mtu akiniuliza Devotha aling'oka jino la kwanza lini, huwa nasema uongo, nasema Jumapili, kwa sababu Jumapili inasikika vizuri. Sijui aliogopa nini. Sijui aliimba wimbo gani. Niandikie. Niandikie yote, hata ya aibu, hata yale ambayo mimi nimekosa ndani yake. Nitayasimulia huku kana kwamba nilikuwepo, unanijua, siwezi kujizuia. Lakini mwishoni nitasema nimeambiwa na mdogo wangu.

Mwaliko wako nimeuambatanisha. Una alama ya kanga, utanisamehe.

Dada yako,
Tadea


Ngumbo,
27 Oktoba 2024

Dada Tadea,

Shikamoo. Sisi ni wazima, mvua ya kwanza imenyesha na jiko halivuji. Adrian amesoma barua yako mara mbili, mara ya pili alikwenda kuisomea nje.

Kuhusu mwaliko, nimeupokea. Nimeuweka ndani ya sanduku langu la nguo. Sitakuambia nimeweka nini juu yake.

Nilisikia ulichosema kwenye kile kipaza sauti. Jenereta ilikuwa inapiga kelele, lakini nilisikia. Na nilicheka, kwenye mlingoti. Nacheka hata sasa. Wale wazungu wawili waliniomba niwafundishe ule ugali wa kwanza.

Unataka jino. Haikuwa Jumapili. Ilikuwa katikati ya wiki, mwezi wa sita, mwaka ule ule ulipomleta. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anatafuna muhogo mbichi niliomkataza, likachomoka, akaona damu mkononi. Akapiga ukelele, "Mama! Mama!" Dada, mimi hakuna aliyekuwa ameniita hivyo maishani mwangu. Nilitupa mwiko. Nilikimbia kutoka jikoni na mikono yangu imejaa unga, nacheka, naitika, "Abee mwanangu, nimekuja!"

Akanipita. Alikimbia mpaka barabarani, akasimama pale fuso zinapopandia kwenda huko juu kwenu, jino liko kiganjani, akaendelea kuita.

Hilo halimo kitabuni, kwa kuwa yeye alikuwa mdogo amelisahau, na mimi sikumkumbusha. Alikuwa anakuita wewe. Alikuita mpaka sauti ikakauka, ndipo nikambeba nikamrudisha ndani, nikampikia.

Mdogo wako,
Albina